Ile Treni ya Kwenye Video: Mlichokiona Hakikuwa Mvuke

Wadau, tuanze na ile video. Mnaijua. Staa mmoja (simtaji, na mkimtaja kwenye komenti shauri yenu) kakaa juu ya katoroli, miguu huku na huku kama yuko kwenye baiskeli, mbele yake katreni keusi kanatoa moshi, nyuma migomba mitupu. Chini kaandika maneno ya kurudi nyumbani, na vimoyo vitatu. Laiki zikamiminika. Komenti zikagawanyika makundi mawili: wale wa "akili mnemba hiyo, hebu angalieni vidole", na wale wa "mdoli wa Mchina huo, Kariakoo upo".

Mimi nilikuwa nyuma ya kamera, nimeshika kikapu cha majani. Kwa hiyo naomba nisikilizwe.

Siyo akili mnemba na haikutoka Kariakoo. Hiyo treni imetengenezwa Karagwe, kwenye banda la nyuma ya nyumba ya bamdogo wangu, na imemla miaka minne. Ila ule moshi haukuwa mvuke. Yalikuwa majani ya migomba yaliyoloweshwa kidogo yakachomwa ndani ya kikasha cha mbele. Kwa nini yalikuwa majani ndiyo habari yenyewe, na ndani yake kuna milioni mbili, paa la jiko la mama mdogo, na bati. Bati la aina mbili.

Kwanza tuelewane tunazungumzia kitu gani. Siyo kidude cha betri. Ni injini ya mvuke kamili, imepunguzwa ukubwa tu. Ina jiko lake, unawasha mkaa, maji yanachemka kwenye boila ya shaba, mvuke unaingia kwenye silinda mbili, unasukuma pistoni, magurudumu yanazunguka. Mvuke uliokwisha kazi unatolewa kupitia bomba la moshi, na ule mpulizo unavuta hewa kupita jikoni ili moto uwake zaidi. Ile sauti ya "chu, chu" ambayo sote tuliiga utotoni hata kama hatujawahi kuona treni ni pumzi za silinda. Nne kwa kila mzunguko wa gurudumu. Kumbukeni hiyo nne, nitairudia.

Upana kati ya reli na reli ni milimita 89. Reli ya zamani ya kwetu, ile ya meta, ni milimita 1,000. Kwa hiyo fikiria treni iliyorudi utotoni, lakini bado ina nguvu ya kumvuta mtu mzima mwenye cheni mbili za dhahabu shingoni.

Sasa Karagwe na treni wapi na wapi? Hakuna reli Karagwe. Hakuna reli Kyerwa. Reli ilifika Mwanza mwaka 1928 na sisi tuko ng'ambo ya ziwa tangu hapo, tunaangalia tu. Watoto wa kwetu wanamjua Mchongoko wa Dar mpaka Dodoma kupitia simu, kama wanavyowajua wachezaji wa Ulaya.

Bamdogo alizaliwa upande ambao siku hizi ni Kyerwa. Zamani yote ilikuwa Karagwe, wilaya imegawanywa 2012 tu hapa. Ujanani alipanda meli Bukoba, akashuka Mwanza, akapanda treni mpaka Tabora, na huko akapata kazi ya kusafisha injini za mvuke. Hiyo ni kabla Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza haijavunjika 1977. Kusafisha maana yake unaingia mwenyewe kwenye kikasha cha moto kikiwa kimepoa nusunusu, unatoa majivu na kukwangua masizi. Mpaka leo akikohoa anasema hiyo ni Tabora. Baadaye akawa fundi, injini za dizeli zikachukua nafasi, akastaafu, akarudi kwenye migomba yake. Kiinua mgongo kikaenda kwenye nini? Mashine ya kukereza vyuma, ya mtumba, kutoka Mwanza. Mama mdogo alitegemea ng'ombe.

Ramani alipewa na mzungu mmoja wa misheni aliyekuwa anahama na kugawa makaratasi yake. Inaitwa Tich, na aliyeibuni ni Mwingereza aliyejulikana na wasomaji wake kwa herufi nne tu: LBSC. Ndiyo, hata yeye alikuwa mtu wa jina la kificho kama watu wa humu. Aliandika kwa miaka mingi kwenye jarida la Model Engineer la London, lililoanzishwa 1898. Na huyo bwana alikuwa na bifu, tena bifu la maana kuliko haya ya mastaa wetu ya kugombea nani kamwibia nani mdundo. Miaka ya 1920 kulikuwa na ubishi kwamba kainjini kadogo hakawezi kufanya kazi ya kweli kwa moto wa makaa ya mawe. LBSC akasema kanaweza. Mwaka 1924, kwenye maonyesho London, akaleta injini yake aliyoiita Ayesha, njia yake inchi mbili na nusu tu, ikawavuta watu wazima mbele ya kila mtu. Bifu likaisha hapo. Bamdogo anaisimulia hiyo kama vile alikuwepo, na kila akiisimulia abiria wanaongezeka.

Ufundi wenyewe nitaupitia haraka maana nikianza hatumalizi. Magurudumu kayakereza kutoka kwenye ngoma za breki za Fuso. Silinda ni mabomba na koki mbovu za shaba ya manjano zilizoyeyushwa. Umeme ukikatika, na unakatika, anahamia kwenye tupa: anasugua kipande cha chuma jioni nzima, redio imewashwa kwa betri, na ukimuuliza kinakuwa nini anasema "kinakuwa sawa".

Ila boila. Hapo ndipo hadithi ilipo.

Desemba iliyopita yule staa alikuja nyumbani kwao. Yeye ni mtu wa Kyerwa, wengi hamjui kwa sababu kwenye mahojiano husema "Bukoba" ili kufupisha. Akasikia habari za katreni, akaja na gari mbili, mpiga video, na vijana wanne ambao kazi yao sikuielewa, nadhani ni kucheka. Akaamkia vizuri, "Shikamoo mzee wangu," akavua na kofia. Nampa alama zake hapo. Akazunguka ile injini mara tatu, kimya, na kwa mara ya kwanza nikamwona kama mtoto wa pale pale aliyewahi kutengeneza gari la waya. Kisha akarudi kuwa staa: ana wimbo unatoka wiki mbili zijazo, anataka apande, iwe inatoa mvuke, na atatoa milioni mbili taslimu.

Wakati huo injini ilikuwa imekamilika isipokuwa boila, ambayo viungo vyake vingine vilikuwa bado havijachomelewa. Ili kuichomelea inavyotakiwa unahitaji fimbo za fedha, kama wanazotumia mafundi wa friji, na zile nzuri ni ghali na hazipatikani kila duka. Pia unahitaji joto la kuifanya boila nzima iwe nyekundu kwa pamoja, zaidi ya nyuzi 600, na kwa hilo bamdogo alikuwa anamsubiri mhunzi mmoja mzee mwenye mivukuto na watu wa kuivuta. Mhunzi alikuwa na kazi zake. Wiki mbili hazitoshi.

Staa akatoa wazo, na niwaambie ukweli, lilikuwa wazo tamu. "Mzee, si tuna bati letu Kyerwa? Watu wanachimba pale tangu enzi za Mwingereza. Chomelea na bati. Linayeyuka hata kwenye jiko la mkaa, unamaliza kesho. Halafu mimi naandika: treni ya Karagwe, bati la Kyerwa." Wale vijana wanne wakapiga makofi. Hata mimi nilisikia msisimko, maana kibiashara hiyo sentensi imekaa.

Bamdogo hakujibu. Alienda jikoni, akakiondoa kikaango cha senene cha mama mdogo motoni bila kuomba ruhusa, akaweka mfuniko wa kopo la rangi, na juu yake kakipande ka bati kama punje ya mahindi. Tukasubiri. Kale kakipande kakakaa, kakakaa, halafu ghafla kakalegea kakawa tone linalong'aa, linatembea.

"Nyuzi 232," akasema. "Na mvuke wangu wa presha 80 una nyuzi kama 162."

Staa siyo mjinga. Akauliza swali ambalo hata mimi nilikuwa nalo: "Sasa mzee, 162 na 232, si bado nafasi ipo?"

"Ipo, maji yakiwepo."

Akaeleza taratibu, anachora chini kwa kijiti. Maji yakifunika dari la jiko ndani ya boila, shaba haiwezi kupata joto kupita maji sana, kwa sababu maji yanalichukua. Ni kama sufuria ya chai, haiungui mpaka ikauke. Lakini kainjini kama haka kana maji kidogo mno, dakika chache ukisahau kupampu, ukiangalia kamera badala ya kioo cha maji, dari linabaki tupu. Upande mmoja mkaa mwekundu, upande wa pili mvuke tu. Hapo nyuzi 232 zinapitwa kabla hujamaliza kutabasamu. Fedha itavumilia. Bati litatiririka. Na hata kabla ya kuyeyuka, bati likikaribia joto lake linakuwa laini, halishiki. Na presha 80 siyo ndogo: tairi la gari lenu hapo nje lina 30 na kitu.

"Na dereva anakaa wapi?" akauliza.

Sote tukaangalia. Dereva anakaa nyuma ya jiko kabisa, uso unaangalia mlango wa moto. Miguu imetanuliwa.

Kimya kikapita. Kijana mmoja kati ya wale wanne, labda kuokoa hali, akasema kwa sauti ya chini, "Si mdoli tu huu lakini, mzee anaukuza." Bamdogo alisikia na akaamua hakusikia.

Mimi nilisikia na sikuweza kuacha, kwa hiyo namjibu hapa hapa. Bweranyange, humu humu Karagwe, palikuwa na ikulu ya Rumanyika. Speke alifika kwake Novemba 1861, Stanley akaja 1876, na Stanley aliandika kuhusu nyumba ya hazina ya mfalme iliyokuwa na bata na ng'ombe wa kufuliwa kwa shaba. Karagwe ilikuwa na ng'ombe wa chuma pia, wadogo, wenye pembe ndefu, na wazee wanamtaja Ndagara, baba yake Rumanyika, kama mfalme aliyekuwa mhunzi. Ng'ombe wa chuma hakamuliwi. Halimi, hachinjwi, hauzwi mnadani. Lakini hakuwekwa kwenye banda la mbuzi, aliwekwa karibu na mfalme, kwa sababu mtu aliyeweza kumtoa ng'ombe kwenye jiwe la chuma na moto alikuwa mtu wa kuogopwa kidogo. Sasa wewe unayepokea mshahara wa kucheka, mwite hiyo mdoli.

Haya. Turudi kwenye milioni mbili.

Jioni hiyo, staa akiwa ameondoka na ahadi ya kurudi keshokutwa kwa jibu, mama mdogo aliongea. Ni mtu mpole lakini upepo wa vuli ulikuwa umeondoka na paa la jiko lake, na tangu Oktoba alikuwa anapika chini ya turubai linalochuruzika. Alihitaji mabati, alikuwa ameshayahesabu kwa macho mara mia. Akasema maneno ambayo ningeyaweka kwenye fulana: "Mzee amekataa bati la Kyerwa, mimi nimekosa bati la paa."

Msimwone bamdogo shujaa, alikuwa mkaidi pia. Zile fedha zote za mashine, za shaba, za tupa, zingeezeka jiko mara ngapi? Mama mdogo hakuwa anagombana na fizikia. Alikuwa anagombana na miaka minne. Walikaa mezani, ndizi zikapoa, hakuna aliyeongea na mwenzake, mimi katikati najifanya naangalia simu.

Ufumbuzi ulitoka kwa fundi wa puncha. Kweli. Asubuhi bamdogo alitoka kimya, akaenda barabarani, akarudi na kijana anasukuma kompresa kwenye toroli. Kumbe mafundi wa treni hizi, duniani kote, kabla ya kuwasha moto huijaribu injini kwa upepo. Unaunga mpira wa upepo moja kwa moja kwenye bomba la kwenda kwenye silinda, unaipita boila pembeni kabisa. Presha ndogo inatosha, mambo yakikosea mpira unachomoka tu, unapiga kelele. Alipofungulia, magurudumu yakaanza kuzunguka polepole, fimbo zinapanda na kushuka, bila moto, bila maji. Mama mdogo alitoka jikoni kuangalia. Hakusema kitu ila alisimama muda mrefu kuliko alivyokusudia.

Staa aliporudi akaambiwa masharti: injini itatembea kwa upepo, mvuke hakuna, moshi tutautengeneza. Kama hataki, aende salama. Akafikiri. Akasema kwa upepo atatoa milioni moja, siyo mbili. Mama mdogo akajibu kabla ya mumewe: "Tumekubali."

Kwa hiyo mlichokiona ni hiki: mpira wa kompresa upande ambao kamera haikupiga, vijana wawili wameinama wanasukuma toroli kwa nyuma kwa sababu ardhi ilikuwa na mteremko mbaya, na mimi nikilisha majani. Wale wa "akili mnemba" mlikosea, lakini niwape pole, pua zenu zilinusa kitu.

Katika komenti zote, na nilizisoma kwa sauti jioni mbili mfululizo kwa ombi la bamdogo, moja tu ilimfanya anyanyuke kitini. Ilikuwa ya mtu asiye na picha, wafuasi kumi na saba. Aliandika kwamba gia za valvu zimefungwa sawasawa, hongera kwa fundi, lakini hiyo injini haina mvuke: moshi unatoka mfululizo kama wa jiko la mkaa, wakati injini ya silinda mbili hutoa kwa pumzi, nne kwa kila mzunguko. Bamdogo aliniambia niisome tena. Kisha akacheka mpaka Tabora ikaamka kifuani. "Huyo ni mtu wa reli," akasema. "Huyo hawezi kudanganywa na majani." Alifurahi kukamatwa kuliko alivyofurahia laiki zote.

Milioni moja ikawa mabati ishirini na nane na misumari, chenji ikawa fimbo za fedha. Mhunzi alikuja Januari. Kazi ile ya mivukuto sitaieleza, ilikuwa usiku ili rangi ya shaba ionekane vizuri, na niliambiwa nikae mbali na nisiulize maswali.

Siku ya kupima nilikuwepo. Boila haipimwi kwa mvuke, inapimwa kwa maji baridi. Unaijaza mpaka hakuna hata povu la hewa, unaziba matundu yote, unapampu kwa mkono, na boila mpya unaipeleka mara mbili ya presha yake ya kazi. Hii ni 80, kwa hiyo 160. Sababu ya maji ni kwamba maji hayakubali kubanwa, hivyo kiungo kikiachia, linatoka tone, presha inaanguka, basi. Mvuke ni kitu kingine, maji yakigeuka mvuke kwenye hewa ya kawaida hujaa nafasi mara 1,600 hivi ya ile ya mwanzo, na haiombi njia. Geji tuliazima kwa fundi friji. 40. 80. Bamdogo anapita na tochi na kitambaa kikavu. 120. Kwenye 130, karibu na mlango wa moto, palipo usawa wa tumbo la dereva, tone moja likachungulia. Likakua. Likaanguka.

Hakuna aliyepiga kelele. Alizungushia chaki, akafungua, maji yakamwagika kwenye ndoo. Mhunzi akaitwa tena. Mwezi wa pili ikapimwa upya, ikafika 160, ikakaa nusu saa bila sindano ya geji kusogea, na tarehe imeandikwa ukutani kwa mkaa.

Moto wa kweli bado haujawashwa, kioo cha maji kilivunjika njiani kutoka Mwanza na kingine kinasubiriwa. Staa anapiga simu kila wiki, anataka awepo, safari hii hajataja pesa wala kamera. Bamdogo kamwambia aje, ila atakayekaa nyuma ya lile jiko mara ya kwanza ni mwenye nyumba. Mama mdogo naye katoa msimamo: siku hiyo yeye atakuwa jikoni kwake, chini ya bati lake, na mlango ataufunga.